Siku tatu Morogoro na mimba ya wiki 25: treni, gesti ya chini ya Uluguru, na beseni

Wapendwa habari zenu. Naandika hii kwa ajili ya dada yeyote ambae ana kijacho tumboni na anatamani kutoka kidogo na mume wake kabla mtoto hajafika, hela sio nyingi, na kila mtu anamwambia tulia nyumbani. Mi nilitafuta sana maelezo ya hivi kabla hatujaenda, nikawa nakuta picha tu za watu wamevaa magauni marefu ufukweni, ila hakuna anaekwambia choo kilikua wapi, ngazi zilikua ngapi, chakula kilitoka saa ngapi. Na ukiwa na mimba hayo ndio mambo yenyewe jamani. Kwahiyo ntaeleza kila kitu, gesti jina silitaji kwasababu kuna makosa yao ntayasema na ni watu wadogo ndio wanaanza, vyumba vinane tu.

Kwanza kwanini tuliamua kwenda. Sheria ya kazi hapa Tanzania inampa mama siku 84 za uzazi, baba siku 3. Tatu. Mume wangu ni muajiriwa, anatoka asubuhi giza anarudi giza, na nikipiga hesabu zile siku tatu zitaisha kwa kupokea wageni na kukimbizana na dawa na nguo na uji. Sasa mi nikamwambia baba, zile siku tatu za sheria sawa, ila naomba na mimi unipe zangu tatu sasa hivi wakati bado tupo wawili na akili zimetulia. Akaomba ruhusa Ijumaa na Jumatatu, wakampa.

Alafu kuna jingine. Mwaka jana nilikua na mimba ikatoka wiki ya kumi na moja. Hatukuwahi kukaa tukaliongea. Mimi nililia kwa mama yangu, yeye sijui alilia wapi. Na hii ya sasa tangu imeingia alikua hataki kununua chochote cha mtoto, hata soksi, nikimuonyesha kitu dukani anasema tutaona mbele ya safari. Nilikua naelewa, ila ilikua inaniuma.

Mawazo ya kwenda wapi yalikua mengi. Zanzibar ilikua ya kwanza lakini ilikua mwezi wa saba, upepo wa kusi unavuma, bahari inachafuka, na mimi hata bila mimba nilishawahi kutapika kwenye boti toka Dar mpaka bandari ya Malindi kule Unguja, nikasema hapana. Mikumi pia tuliwaza, wanyama nawapenda sana, lakini barabara za ndani ya hifadhi ni za vumbi na mashimo, gari linakurusha masaa matatu manne, na mbung'o wanauma kweli, mwenye mimba anaenda kutafuta nini. Bagamoyo ni karibu ila tulishaenda. Ndipo mume wangu akasema twende Moro, treni ipo, baridi ipo, milima ipo, na likitokea lolote Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko hapohapo mjini sio mpaka uvuke pori. Hilo la hospitali ndilo lililoniridhisha mimi.

Kabla ya kukata tiketi nilienda kliniki, na nawaomba mfanye hivyo hivyo, usiende kwa kusikia kwamba fulani alisafiri na hakupata shida. Nesi alipima presha, akacheki damu, akaangalia karatasi ya ultrasaundi kama kondo la nyuma limekaa juu, akaniuliza kama nimewahi kutoka damu kwenye hii mimba. Kila kitu kilikua sawa. Akasema miezi hii ya katikati ndio mizuri kusafiri, kichefuchefu kimeshaisha na tumbo halijawa zito bado, ukishafika mwishoni utakua unachoka mapema na uchungu unaweza ukakukuta njiani. Akanipa dozi yangu ya SP ya kukinga malaria palepale nikaimeza mbele yake, akaniambia vidonge vya kuongeza damu nisiviache nyumbani, nilale kwenye chandarua, ninywe maji, na nikikaa muda mrefu niinuke nitembee hata hatua kumi ili damu isigande miguuni. Na kadi ya kliniki. Kadi ikae kwenye mkoba wa mkononi, isikae kwenye begi kubwa, maana ukianguka huko hakuna anaejua historia yako, ile kadi ndio itaongea kwa niaba yako. Na yale mambo ya hatari akanirudishia tena, damu, maji kuvuja, kichwa kuuma kusikoisha, kuona maruweruwe, uso kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza, ukiona mojawapo usingoje kurudi Dar, nenda hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo.

Mama mkwe alikataa. Sio kwa ubaya, ni mtu wa zamani, kwao mjamzito hatembei ovyo na tumbo halionyeshwi watu. Nilimpigia mwenyewe nikamwambia mama naomba baraka zako, nesi ameruhusu, mwanao yupo na mimi muda wote. Akanyamaza kidogo akasema haya nendeni ila msinunue vitu vya mtoto huko njiani. Kumbukeni hilo, ntalirudia.

Sasa TRENI. Hii kwakweli ndio iliyonifanya niandike. Wale waliowahi kwenda Moro na basi wanajua, unatoka Mbezi, foleni ya Kibaha, Mlandizi, Chalinze, matuta kila kijiji, masaa manne ukibahatika, na choo ni mpaka dereva apende, mnashushwa porini mnaambiwa kuchimba dawa dakika tano, mwenye mimba unachuchumaaje kwenye majani huku watu wanapiga honi. Sasa SGR, yani treni ya reli mpya ya kisasa, Dar mpaka Moro haifiki hata masaa mawili, na choo kipo ndani, hatua chache kutoka kwenye siti. Nilienda mara tatu. Mara tatu jamani na sikumuomba mtu ruhusa!

Stesheni ya Dar ukiiona kwa nje imechongwa kama jiwe la tanzanite, ni kubwa, kuna kutembea kiasi kutoka getini mpaka kwenye treni, kwahiyo vaeni viatu vya chini. Lifti zipo. Tulikata tiketi kwa simu, daraja la kawaida wakati tunaenda ilikua 13,000 kwa mtu mmoja kwenda tu, kitambulisho ni lazima, mizigo inapita kwenye mashine. Wahini mapema, sio kwasababu ya foleni tu, ni kwamba mwenye mimba hapaswi kukimbia kwenye ngazi na begi, mi tulifika zaidi ya saa moja kabla nikakaa nikala ndizi yangu nikapumzika. Treni inatembea kwa umeme, haina ule mtikisiko wa kuruka, yani kikombe cha chai nilikishika mkononi hakikumwagika. Nilikaa dirishani upande wa kushoto, ukitokea Dar kaeni huo upande, mnapita Pugu, Soga, Ruvu, halafu ukishaivuka Ngerengere unaanza kuiona milima ya Uluguru imekaa huko mbele ina mawingu kichwani. Mume wangu alikua kalala. Nikamwamsha aone, akaangalia, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu akalala tena.

Nilikua naogopa siti ingenibana tumbo, hapana, nafasi ilitosha. Nilikunja kanga nikaweka mgongoni kwa chini pale kiunoni, fanyeni hivyo, inasaidia sana.

Stesheni ya Moro iko Kihonda, sio mjini, kwahiyo unahitaji bajaji au gari. Hapa ushauri wangu ni mmoja, ongea na dereva KABLA hujapanda. Mume wangu alimwambia kijana wa bajaji, dogo, shemeji yako ana mzigo, twende kama tumebeba mayai. Na yule kijana Mungu ambariki, kila tuta alikua anasimama kabisa kwanza ndio anapanda taratibu, watu nyuma wanapiga honi yeye wala. Tulimchukua siku zote tatu. Mkipanda gari la kawaida mkanda wa siti upite chini ya tumbo, kwenye mapaja, sio katikati ya tumbo, hata dereva akikucheka.

Haya, GESTI.

Iko upande wa juu kule barabara ya Boma inakoelekea milimani, majani mengi, miembe, maji ya mlima unayasikia usiku. Bei ilikua 55,000 kwa usiku na chai ya asubuhi ndani yake. Tulibuku kwa simu wiki mbili kabla na nilisema kwa mdomo wangu na nikarudia kwa meseji, naomba chumba cha CHINI, nina mimba. Wakajibu sawa dada. Tumefika, chumba kiko juu. Ngazi kumi na saba, nilizihesabu, za tailizi, hazina pa kushika. Kijana wa mapokezi anasema cha chini kuna mgeni ameongeza siku. Nilichoka, miguu imevimba, nikakaa kwenye kiti cha pale nje nikasema mi sipandi. Mume wangu ni mtu mpole ila siku ile nilimsikia sauti sijawahi kuisikia. Mwishowe nilipanda, pole pole, yeye nyuma yangu, tukalala juu usiku wa kwanza, na kesho yake saa tatu asubuhi tukahamishiwa chini. Waliomba radhi na siwezi kusema hawakuomba. Ila kwa wenye biashara hizi nawaomba kwa heshima, mama mjamzito akisema chini hachagui uzuri wa chumba. Akidondoka hapo hakuna radhi itakayosaidia.

Bafu nalo lilikua la kuteleza. Tailizi laini, hakuna kitambaa cha miguu, maji yanasambaa mpaka mlangoni. Mume wangu alitandika taulo la chumba chini, na alikua anasimama mlangoni nikioga. Hita ya maji haikufanya kazi siku ya kwanza na Moro mwezi wa saba usiku kuna baridi sio mchezo. Chandarua kilikuwepo kina matundu mawili, moja linapita ngumi. Mi nilibeba cha kwangu nilichopewa kliniki, tukakifunga juu yake kwa kamba ya kanga. Bebeni chandarua chenu, hakina uzito, na malaria kwa mwenye mimba sio ugonjwa wa kuujaribu.

Kelele pia zipo. Jumamosi kuna baa jirani ilipiga mziki mpaka saa saba usiku, kwahiyo ukibuku ulizia kama kuna baa karibu, sisi hatukuuliza.

Sasa nikisema nyota ni mbili ningekua namdhulumu mtu mmoja, mama wa jikoni. Ni mama wa makamo, Mluguru wa palepale, jina lake nalihifadhi. Ile jioni ya kwanza baada ya kelele za ngazi alikuja mwenyewe kugonga, ameshika ndoo ya maji ya moto aliyochemsha kwenye kuni, akasema mwanangu oga kwanza mengine yatafuata. Nikaoga. Nilipotoka nikakuta ameleta mito miwili ya ziada, mmoja una foronya ya maua, baadae nikajua ule ni wa kwake aliutoa chumbani kwake. Maana mi sasa nalala ubavu wa kushoto na bila mto katikati ya magoti na mwingine chini ya tumbo nageuka usiku kucha. Sikumwambia. Alijua tu.

Akaniuliza, ni wa kwanza huyu? Nikamwambia ni wa pili, wa kwanza hakukaa. Hakuniuliza zaidi, akasema basi huyu ni wa pili, akaanza kukunjua shuka. Mume wangu alikua amesimama dirishani akasikia. Nadhani ilikua mara ya kwanza anasikia mtu anamhesabu yule.

Chakula: chai ya asubuhi rasmi inaanza saa mbili, kwa mwenye mimba saa mbili ni mchana, mi naamka saa kumi na moja alfajiri njaa inauma mpaka natetemeka. Nilimwambia yule mama, na kila usiku alikua ananiachia chupa ya chai ya tangawizi kidogo, viazi vitamu vya kuchemsha vimefunikwa kwa sahani, na ndizi mbivu. Nikiamka nakula gizani kitandani. Mayai niliomba yaive mpaka kiini kikauke akayaivisha, maziwa anachemsha mbele yako. Mchana tulikula ugali, mchicha wa karanga, dagaa, siku moja kuku wa kienyeji wa mchuzi mzuri sana. Ila chakula cha oda kinachelewa, lisaa limoja na nusu, kwahiyo toa oda kabla hata hujasikia njaa. Juisi ya ukwaju ulizia kama maji yamechemshwa, nilimuuliza akanionyesha sufuria.

Akawa anamtania mume wangu kwamba kwao Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama, kwahiyo wewe baba hapa umekuja kusindikiza tu. Ni kweli Waluguru wanafuata upande wa mama. Mume wangu kwao ni Kilimanjaro alikua anabisha mpaka machozi ya kucheka, na mimi kumuona anacheka habari ya mtoto wetu, nikasema gesti hii nitaisamehe ngazi zake.

Tulitembea wapi. Jumamosi tulienda Rock Garden, iko hukohuko chini ya mlima, kijito kinapita katikati ya mawe makubwa, miti imefunika juu, baridi safi. Ni sehemu nzuri sana kwa wapenzi wawili na kiingilio hakiumizi. Ila mawe yenye maji yanateleza kwahiyo mi sikuvuka kokote, tulitafuta jiwe kavu karibu na njia, nikakaa miguu kwenye maji. Maji ya baridi kwenye miguu iliyovimba, sina maneno. Mume wangu alikua anatamani kupanda Morningside, kule juu kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, watu wanapanda masaa kadhaa wanauona mji wote kwa chini. Nilimwambia aende na kijana mmoja wa pale mi nibaki na yule mama. Akasema hapana, nimekuja kukaa na wewe.

Tukakaa. Muda mrefu hatuongei. Halafu akaanza mwenyewe, bila mimi kumuuliza, akasema ile siku ya mwaka jana wakati mimi nimelala hospitali yeye aliondoka akaenda kukaa kituo cha daladala, mabasi yanapita hapandi, mpaka usiku. Akasema alikua ameshanunua kitu. Alinunua kofia ndogo ya njano, na alivyorudi nyumbani ile usiku akaitoa akampa jirani ambae alikua amejifungua, hakuniambia. Ndio maana hataki kununua. Anaogopa kununua ndiko kulikoleta.

Mimi nilikua sijui habari ya kofia. Mwaka mzima. Nilimshika kichwa nikakilaza kwenye paja langu hapo kwenye jiwe, watu wanapita, sikujali. Sikumwambia maneno mengi, nilimwambia tu sio kofia, nesi aliniambia mimba nyingi zinazotoka mapema ni mtoto mwenyewe hakuumbika vizuri tangu mwanzo, sio kazi, sio safari, sio mtu kanunua nini. Akasema anajua. Nikasema najua unajua, ila nataka nikwambie mimi.

Jamani wenye ndoa, nyumbani hili lisingesemwa. Nyumbani kuna tivii, kuna simu ya bosi, kuna mdogo wangu sebuleni. Huwezi ukaanza habari hizi saa nne usiku mtu amechoka na kesho anaamka saa kumi. Ilihitajika mahali ambapo hakuna cha kufanya.

Jumapili tulipumzika tu, nililala mchana masaa matatu, chumba cha chini sasa, mlango unafungukia kwenye majani, na jioni tukazunguka na bajaji, tukapita Mazimbu ambapo wapigania uhuru wa Afrika Kusini wa ANC walikua na shule yao, leo ni kampasi ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, pametulia sana na barabara yake haina shida kwa mwenye mimba, hatukushuka.

Jumatatu asubuhi kabla ya treni tukapita Soko Kuu la Chifu Kingalu kununua vitu vya kupeleka Dar. Soko ni jipya, la ghorofa, safi, unatembea bila kukanyaga matope, ndizi za aina zote, mananasi, karoti za mlimani, kabichi ngumu kama jiwe, na bei ukilinganisha na Dar unaweza ukajaza gunia ukajisahau. Nilikua nachagua ndizi. Nageuka mume wangu simuoni. Nikaingiwa na wasiwasi kidogo, nikampigia hapokei, halafu namuona huyo anakuja kati ya watu ameshika beseni kichwani, la plastiki, la bluu, lile la duara la kuogeshea mtoto, ameliinua juu lisigonge watu. Alivyofika akaliweka chini mbele yangu. Akasema, shilingi elfu saba, nimepunguziwa.

Sikuweza kumjibu. Muuza ndizi aliniuliza dada unaumwa? Nikasema hapana.

Beseni hilo limepita kwenye mashine ya ukaguzi ya stesheni, halikuingia vizuri, dada wa ukaguzi akaliangalia, akaniangalia tumbo, akalipitisha kwa mkono. Kwenye behewa halikuenea vizuri kule juu kwenye mizigo kwahiyo alilipakata. Kutoka Moro mpaka Dar mtu mzima amepakata beseni, ndani yake karoti na ndizi.

Kwa wanaotaka hesabu, nauli ya wawili kwenda na kurudi 52,000, chumba siku tatu 165,000, chakula chote kama 120,000, bajaji na kijana wetu 30,000, jumla 367,000 ukiacha vitu vya sokoni. Tulichanga miezi miwili. Treni mi naipa tano kwa tano kwa mwenye mimba, yani sitakaa nimshauri mjamzito apande basi kwenda Moro kama tiketi ya treni ipo. Gesti naipa tatu, mbili na nusu ni za yule mama na hiyo nusu iliyobaki ni ya yale majani mlangoni, wakiweka chuma cha kushika kwenye ngazi na kitambaa bafuni na wakaheshimu chumba cha mtu alichobuku ntawaongezea, na hayo nimewaambia wenyewe kabla ya kuondoka, wameandika. Mkiniuliza kama ntarudi, ntarudi, na mtoto, na mto wa maua ntamletea yule mama mpya.

Mama mkwe alikuja Jumatano kutuona. Beseni liko sebuleni, tumesahau kulificha, na mimi nikakumbuka alichosema kwenye simu, moyo ukanipasuka. Akalitazama. Akamtazama mwanae. Hakuuliza nani kalinunua. Akavua kanga aliyojitanda mabegani akalifunika, akaingia jikoni kuniuliza kama nimekula.